Msitu Ulioibwa Pamoja na Visiki Vyake

Inspekta alikuwa amepeleleza wizi wa kila namna: ng'ombe, nyaya za umeme, mabati ya zahanati, na safari moja hata kengele ya shule iliyoibwa huku inalia. Wizi wa msitu hakuwa amekutana nao bado. Kwa hiyo aliposimama juu ya kile kilima, mikono kiunoni na viatu vimejaa vumbi, alijiona kama mtu aliyeitwa msibani akakuta hakuna maiti, na wafiwa wanazidi kulia tu.

Kilima kilikuwepo, hicho hakuna aliyekiiba. Mawe yalikuwepo, majani makavu yalikuwepo, na mbuzi walikuwepo wengi kuliko inavyopasa mahali palipoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mifugo ni marufuku. Kilichokosekana ni msitu wenyewe. Taarifa ya Mwenyekiti wa Kamati ya Maliasili ilisema kwamba hapo palikuwa na miti maelfu, iliyopandwa mwaka hadi mwaka kwa mikono ya wageni rasmi, na kwamba watu wasiojulikana wameikata yote na kuisafirisha. Mtu mmoja tu alijulikana. Huyo ni mlinzi wa kilima, mzee ambaye kijiji kizima kinamwita Babu Geti, na tangu juzi alikuwa amelala kwenye sakafu ya mahabusu akituhumiwa kula njama na wezi. Kesho asubuhi alitakiwa kufikishwa mahakamani. Wakubwa walikuwa wameshamwambia Inspekta kwenye simu kwamba mshtakiwa wanaye, ushahidi autafute, asiwasumbue tena.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi mwenye subira nyingi kwa wahalifu na subira ndogo sana kwa wakubwa. Aliikata ile simu, akaanza kutafuta visiki.

Hakuona hata kimoja. Alizunguka kilima kizima, Koplo akimfuata nyuma huku akihema, kwani Koplo alikuwa na mwili wa kukaa mezani na alikuwa ameuzoesha hivyo. Lakini kichwa cha Koplo hakikuwahi kupungukiwa na nadharia. Alisema wezi wameng'oa visiki kwa ajili ya mkaa. Inspekta akauliza mizizi iko wapi. Koplo akasema mizizi nayo wameichukua, siku hizi inatafutwa sana kwa dawa. Inspekta akauliza majani, vumbi la misumeno na njia ya lori viko wapi. Koplo akawaza kidogo, akasema basi hawa ni wezi wasafi kupita kiasi, na pengine tutafute mtu aliyewahi kufanya kazi hospitali.

Inspekta hakucheka, ila midomo ilimcheza. Alipiga magoti kwenye ukingo wa shimo. Mashimo yalikuwepo, yamepangwa mistari minyoofu inayotazama barabara, na yalikuwa mazuri mno. Kuta zake zilikuwa laini, zimekwanguliwa kwa jembe mara nyingi mpaka zimeng'aa kama chungu kilichozoea moto. Aliingiza mkono hadi begani, akapapasa chini. Mti ukikatwa mizizi hubaki ardhini, na uking'olewa mizizi hukatika ikaacha vipande. Hapa hapakuwa na hata uzi wa mzizi. Kulikuwa na alama moja tu kwenye udongo mgumu wa chini, alama ya kitu cha duara, bapa, kama kitako cha kopo. Alipapasa shimo la pili, akakuta vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo.

"Koplo," alisema akijipangusa, "kuna mti gani una kitako?"

Koplo hakuujua, na alikiri hivyo kwa uaminifu mkubwa.

Walipokuwa wakishuka, Mwenyekiti aliwapigia simu akiwa amechangamka. Yeye naye alikuwa amepeleleza kivyake, na mwizi wa pili ameshampata: ni fundi seremala wa pale sokoni, ambaye wiki hii hii amerundika mbao karakanani mpaka mlango haufungiki. Mtu wa kitanda kimoja kwa mwezi, mbao zote hizo kazitoa wapi? Inspekta alishukuru kwa upole, akaenda, kwa sababu kazi ya polisi ni kwenda hata pale unapojua unapoteza muda.

Fundi aliwapokea na penseli sikioni. Alikuwa ameshasikia kwamba anatafutwa, na kwa kuwa hakuwa na la kuficha alikuwa ameogopa maradufu. Alijieleza kabla hajaulizwa, akaeleza na ambayo hayahusiani kabisa, ikiwemo stuli aliyomuuzia mama mkwe wake akijua mguu mmoja ni mbovu. Inspekta alimwacha aseme, yeye akawa anageuzageuza mbao. Kila ubao ulikuwa na matundu ya misumari yenye kutu, na upande mmoja ulikuwa mweusi kwa moshi. Alinusa. Zilinukia kitunguu cha kukaanga.

"Hizi ni dari ya jikoni," alisema.

Ilikuwa dari ya jiko la shule, iliyobomolewa mwezi uliopita wakati wa kukarabati, na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyempa. Fundi alikuwa karibu kulia kwa furaha ya kuaminiwa. Alisema jambo moja zaidi wakati wanaondoka, alilisema kama mtu anayetania, ila Inspekta alilibeba. Alisema yeye amezaliwa hapa, anaishi kwa mbao, macho yake hayapishani na mti hata wa kivuli bila kuuhesabu vitanda, na kwenye kile kilima hajawahi kuona hata kitanda cha mtoto mchanga.

Ofisi ya Kamati ya Maliasili ilikuwa chumba kimoja chenye meza kubwa kuliko mlango, hivi kwamba haikueleweka iliingiaje. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake. Alikuwa mtu mzima wa sura ya kupendeza, suti ya rangi ya majani mabichi, na sauti iliyozoea kipaza sauti kiasi kwamba hata chumbani alikuwa anaacha nafasi ya watu kupiga makofi. Kesho yake ilikuwa siku nzito kwake. Mgeni rasmi wa mwaka jana alikuwa amepiga simu kwamba anakuja na wajukuu zake waone mti alioupanda babu yao. Katika miaka yote ya kamati jambo hilo halijawahi kutokea. Wageni rasmi hupanda mti, hupigwa picha, huondoka, na hawana mazoea ya kurudi kuusalimia.

Inspekta aliomba aelezewe kuhusu msitu, akapewa hotuba. Maliasili, alisema Mwenyekiti akiinua kidole, ni za aina mbili. Ziko zile ambazo zikichimbwa zimekwisha, kama madini na mafuta, hizo ni za kutumia kwa hesabu. Na ziko zinazojirudisha zenyewe, kama maji, samaki na misitu, lakini hujirudisha kwa masharti, kwamba usivune kuliko zinavyokua na uzipe nafasi ya kupumzika. Kamati yake ndiyo iliyobeba jukumu hilo, kwa faida ya vizazi vijavyo.

Yalikuwa maneno ya kweli kabisa, na Inspekta aliyaheshimu. "Huu msitu wako wa kujirudisha," aliuliza, "mara ya mwisho uliuona lini kwa macho?"

Mwenyekiti alisema siku ya kupanda. Na kabla ya hapo? Siku ya kupanda ya mwaka uliotangulia. Na katikati ya siku hizo mbili? Katikati, alisema Mwenyekiti akikohoa, msitu ulikuwa unapumzika.

Ukutani kulikuwa na picha za siku hizo za kupanda, zimewekwa kwenye fremu kwa mpangilio wa miaka. Inspekta aliinuka akaenda kuzitazama, si kwa kuwa anapenda picha, ila kwa kuwa Mwenyekiti aliposikia kiti kinasogea alianza kueleza habari za hali ya hewa. Picha ya kwanza ilikuwa na mgeni mwenye kofia, ameinama anapanda mche unaomfika kwenye kifundo cha mguu. Ya pili, mama mmoja mwenye miwani na mche wa magotini. Ya tatu, bwana mwenye tumbo na mche wa kiunoni. Kila picha mgeni alikuwa mwingine. Lakini kila mche ulikuwa na shingo iliyopinda upande wa kushoto, kama mtu anayechungulia kwa jirani. Katika picha ya mwisho, ya huyo mgeni anayekuja kesho, mche ulikuwa umempita mgeni mabega, na mwenyewe amesimama pembeni na sepetu yake, anatabasamu kwa mashaka.

"Huu wa mwaka jana ulipandwa ukiwa mkubwa hivi?"

Mwenyekiti alisema miche yao ni ya ubora wa juu.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Koplo aliuliza kama tayari wanaweza kwenda kula. Inspekta alimwambia asubiri kidogo, akamhesabia mambo kwa vidole, maana alipenda kusikia mawazo yake yakitamkwa. Kisiki hakuna, mzizi hakuna. Mashimo yamechimbwa na kuchimbuliwa mpaka yameng'aa. Na wageni wote wale, wa miaka yote ile, wamepanda mti mmoja uleule. Mti hupandwa mara ya pili kama umeng'olewa mara ya kwanza, na hung'oka mzimamzima bila kuacha mzizi kama mizizi yake haikuwahi kugusana na ardhi.

Koplo alikunja uso. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, nadharia yake ilikuwa ya kweli. "Waliupanda na mfuko wake," alisema polepole. Ule mfuko mweusi wa plastiki wa kuoteshea miche, wenye kitako cha duara.

"Sasa tukamwulize aliyekuwa getini," alisema Inspekta.

Babu Geti alikuwa amekaa kwenye kona ya mahabusu, koti lake la ulinzi limefungwa vifungo vyote mpaka kooni, kana kwamba bado yuko zamu. Inspekta alimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti ya chini, akajitahidi kusimama, akazuiwa. Kituo kizima kilikuwa kimemhoji tangu juzi, kila askari kwa zamu yake, na kila mmoja alimwuliza swali lilelile, msitu umeupeleka wapi. Kwa hiyo alipomwona huyu wa cheo kikubwa zaidi alianza kwa kuomba radhi.

Inspekta hakumwuliza msitu uko wapi. Alimwuliza kazi yake ilikuwa ipi.

Mzee alieleza vizuri sana. Alipoajiriwa aliambiwa asimame getini atazame barabara, asiruhusu mtu kuingia na panga, msumeno wala shoka. Na hajawahi kuruhusu. Alisimama jua na mvua, uso barabarani, kilima mgongoni. Mbuzi wanapita nyuma, huko hakuajiriwa kutazama. Je, hakuwahi kugeuka akautazama msitu anaoulinda? Babu Geti alionekana kuudhika kidogo. Mlinzi anayegeuka, alisema, ndiye anayeibiwa.

"Na waliokuwa wakitoka?"

Hao hakuambiwa kitu. Wakitoka aliwafungulia. Kila mwaka jioni ya siku ya kupanda, magari ya wageni yakishaondoka, ulitoka mkokoteni umefunikwa turubai, unarudi tena na tena mpaka giza linaingia. Mwenyekiti alimwambia asijali, maliasili inapelekwa kupumzishwa. Nani alikuwa akisukuma? Vijana wa kukodi tu, ila aliyekuwa akiwaamrisha ni Shangazi Miche, yule dada yake Mwenyekiti mwenye kitalu bondeni.

Aliutazama mlango wa chuma. "Lakini kama wanasema uliibwa, mwanangu, basi itakuwa uliibwa," alisema. "Mimi ndiye nilikuwepo." Inspekta hakuipenda ile sauti hata kidogo, akatoka haraka.

Kwenda bondeni hakukuwa na barabara, kulikuwa na njia ya miguu iliyojaa mawe, ndiyo maana hakuna mgeni rasmi aliyewahi kushuka huko. Koplo alishuka kwa kuteleza zaidi kuliko kutembea. Walipokata kona ya mwisho wote wawili walisimama. Mbele yao palikuwa na miti. Haikuwa maelfu, lakini ilikuwa mingi na mirefu, imejipanga ovyo ovyo, mmoja umemkanyaga mwenzake, na chini yake palikuwa na ubaridi wa kutia usingizi. Katikati yake chemchemi ilikuwa inabubujika hadi kwenye mfereji ambao nusu ya kijiji hutekea. Na kwenye ukingo wa maji, bado mwembamba na mfupi kuliko wenzake, ulisimama mti wenye shingo iliyopinda upande wa kushoto.

Shangazi Miche alitokea kwenye kitalu chake akiwa na kopo la kumwagilia na uso wa mtu asiyependa wateja. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, khanga imekazwa kifuani, na alipoona sare alitaka kujua kwanza nani amekanyaga tuta lake. Alikuwa Koplo. Mambo hayo yakachukua muda.

Habari ya miti hakuificha, kwa sababu hakuona cha kuficha. Mdogo wake, alisema, ana akili za darasani na ana mapenzi ya kupigwa picha. Yeye alimwambia tangu mwanzo kwamba kile kilima hakina maji na kina mbuzi, mche ukilala pale siku tatu umekufa. Mdogo wake akajibu kwamba kilimani ndipo gari linapofika. Haya, yeye si mtu wa kubishana. Akamwambia, ukitaka miche kwa sherehe nitakuazima, kama watu wanavyoazimana viti na masufuria ya harusi. Ikitoka kwangu imehesabiwa, inarudi kwangu imehesabiwa, na mifuko yake isichanwe, mifuko ile inanigharimu.

"Na hii iliyopandwa hapa?" aliuliza Inspekta.

Hii ilikuwa inamkera mpaka leo. Miche ikishaenda harusini miaka kadhaa hunenepa, hupasua mfuko, haifai tena kuazimishwa. Kuitupa hakuweza, roho ilimuuma. Basi akaichomeka hapo nyuma ya kitalu, karibu na maji ili asichoke kubeba ndoo, na sasa tazama, inamzibia jua lote. Watu wanasema tangu hapo chemchemi haikauki kiangazi, labda, yeye hana habari, yeye anachojua ni kwamba kitalu kimekuwa kivuli kitupu. Msitu mzima, Inspekta aliwaza, umeota kwa ubahili wa mifuko.

Aliuliza kama hakusikia kwamba Babu Geti amefungwa. Shangazi Miche alisema alisikia, kisimani hakuna kisichosikika. Aliambiwa mzee amekamatwa kwa kuuza msitu. "Nikajua ni msitu wa watu wengine," alisema. "Maana sisi pale juu hatuna."

Inspekta alimweleza. Alieleza polepole, mpaka kwenye mahakama ya kesho. Shangazi Miche aliliweka kopo chini. Alikuwa amemjua yule mzee tangu ujana wao, mzee ambaye kila mwaka alimfungulia geti akamsaidia na kuusukuma mkokoteni hapo getini ingawa hakulipwa kwa hilo. Uso wake uliiva. Alisema aletwe mdogo wangu hapa, na Koplo, aliyekuwa amekaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alijikuta ameshasimama.

Mwenyekiti alifika akiwa na suti yake ya kijani na miiba ya nyasi kwenye soksi. Alipokata ile kona naye alisimama. Hakuwa ameshuka bondeni tangu kamati ianzishwe, na miche iliyozeeka alidhani dada yake anaifanya kuni. Alitazama juu, akazunguka, mdomo wazi. Halafu furaha ilimpanda mpaka machoni.

"Umepatikana," alisema. "Afande, msitu umepatikana. Kesho mgeni ataukuta." Alikuwa ameshaanza kutunga taarifa: kwamba polisi kwa kushirikiana na kamati wamefanikiwa kuukamata msitu ulioibwa, ukiwa mzima.

Inspekta alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba taarifa hiyo anaweza kuiandika sasa hivi, ila sheria ina adabu yake. Mali ya wizi ikipatikana, anayekutwa nayo ndiye anayeingia ndani. Miti imekutwa kwa nani?

Shangazi Miche hakungoja kuambiwa. Aliipangusa mikono yake kwenye khanga, akainyoosha mbele ya Inspekta, viganja juu, vyote vina udongo.

"Nifunge, mwanangu," alisema. "Mzee wa watu mtoeni."

Mwenyekiti alicheka kicheko cha kuvunja mazungumzo. Hakuna aliyecheka naye. Akasema dada acha utani. Dada hakuwa anatania, mikono yake ilikuwa imebaki palepale hewani. Mikono hiyo ndiyo iliyomlea tangu mama yao alipofariki, ndiyo iliyouza mche mmoja mmoja mpaka yeye akapata hiyo elimu ya kujua aina za maliasili. Inspekta alichomoa pingu mkandani. Hakuwa na nia ya kuzitumia, lakini alizichomoa polepole ili zisikike.

"Subiri," alisema Mwenyekiti.

Sauti ya kipaza ilikuwa imemwishia. Alisema hakuna wizi. Alisema hakukuwahi kuwa na msitu kule juu, ni mashimo tu, na kwamba mgeni alipopiga simu kuwa anarudi alichanganyikiwa, hakuona njia nyingine ila kusema umeibwa. Alitaja mlinzi kwa sababu kila wizi lazima uwe na mlinzi aliyelala. Hakufikiria kwamba wangemlaza chini kweli. Alidhani wangemwuliza maswali wakamwachia. Aliposema hivyo alikuwa anamtazama dada yake, si polisi, na dada yake aliishusha mikono, akageukia upande wa chemchemi ili asionekane anavyolia.

Inspekta aliyaandika yote, akamsomea, akampa kalamu. Alimweleza kwamba kudanganya polisi ni kosa, atalala kituoni yeye leo, na kuhusu mgeni wa kesho, wajukuu wana miguu, watashuka bondeni wauone mti wao, na habari yake wataisikia kutoka kwa Mwenyekiti mwenyewe. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kuvua suti.

Walifika kituoni jua likiwa linaelekea kuzama. Inspekta alifungua mlango wa chuma kwa mkono wake, hakutaka kumwachia mtu mwingine. Alimwambia Babu Geti kwamba yuko huru, hakuna kilichoibwa, kilimani hapakuwahi kuwa na msitu wa kuibwa, na kwamba polisi wanamwomba radhi. Maneno ya mwisho hayakuwemo kwenye utaratibu wowote, aliyaongeza mwenyewe.

Mzee alibaki amekaa. Alimtazama Inspekta, akamtazama Mwenyekiti aliyesimama nyuma na fulana yake ya ndani, akarudi kumtazama Inspekta.

"Una uhakika, mwanangu?" aliuliza.

Inspekta alimwambia ana uhakika.

Babu Geti alishusha pumzi ndefu, akafungua kifungo cha juu cha koti. "Basi mmeniwahi," alisema. "Jana usiku nilikuwa nimeshaanza kukumbuka nilivyouuza. Nilikuwa nimefikia hata mahali pa kuliona lile lori, na dereva wake ananipungia mkono."

Alinyanyuka kwa kujishikiza ukutani, akatoka nje. Inspekta alimfuata mpaka barabarani, akamshika mkono, wakaenda polepole hadi nyumbani kwake.